Maswali na Majibu: Malipo Yanayokatwa Mara Mbili na Seva Inayojaa

Nimetengenezea duka moja hapa Kondele mfumo wa malipo. Mtandao ukisumbua, mfumo unaandika "imeshindikana". Mteja anajaribu tena, anakatwa M-Pesa mara mbili. Nifanyeje? (Kisumu)

Kwanza warudishiwe pesa zao leo. Aliyekuja na mia mbili za unga hana nyingine za kumtosha hadi umalize kurekebisha.

Kosa liko hapa: umeipa programu majibu mawili tu, imefaulu au imeshindikana. Jibu lisipofika, huenda mteja ameshaweka PIN na pesa zimeshatoka. Ongeza hali ya tatu, "inasubiri", na kitufe cha kulipa kifungwe mpaka ijulikane. Hifadhi oda kwenye hifadhidata kabla ya kutuma ombi. Daraja, yaani huduma ya Safaricom inayounganisha mifumo na M-Pesa, ikikupa CheckoutRequestID (namba ya kulitambua ombi), iweke pamoja na oda. Jibu likichelewa, uliza hali ya ombi lile lile, usitume jingine. Ukipata ResultCode (namba ya matokeo) 0, malipo yamepita. 1032, mteja amekatisha mwenyewe. Kushindwa kukithibitika, ndipo umruhusu ajaribu tena. Na kama mtandao ulikatika kabla hujapata hata namba hiyo? Tia namba ya oda ndani ya anwani unayopokelea majibu, ili jibu likitua lijulikane ni la oda ipi.

Seva yetu ya C inakula kumbukumbu kutwa nzima, kila asubuhi tunaizima na kuiwasha. Tuanzie wapi? (Mwanafunzi, Njoro)

Anzeni pale programu inaposhindwa. Funksheni imeomba kumbukumbu kwa malloc, ikafungua faili, faili halisomeki, ikarudisha -1 na kutoka. Ile free ya kuachilia kumbukumbu iko mstari wa mwisho, na hakuna aliyefika huko. Ombi moja baya hupoteza kilobaiti chache. Ya kutwa nzima hujaza mashine.

Kila njia ya kutoka ipitie sehemu moja ya kuachilia, hata kwa goto, amri ya kuruka hadi mstari mwingine. Najua wengi mmekatazwa goto darasani, lakini kiini cha Linux kinaitumia sana kwa kazi hii hii. Kisha endesheni programu ndani ya Valgrind, chombo cha kusaka kumbukumbu zinazovuja, kwa --leak-check=full, mkiilisha faili zilizoharibika kwa makusudi. Mkiipa faili nzima tu, uvujaji huo hamtauona.

Mimi natumia Java. Hayo yananihusu? (Kakamega)

Yanakuhusu. Java huondoa yenyewe kwenye kumbukumbu kile tu ambacho hakuna sehemu ya programu inayokishikilia. HashMap ya static (orodha inayodumu muda wote programu inapoendeshwa) unayoongeza wateja bila kuwatoa itakua hadi OutOfMemoryError, kosa la kuishiwa kumbukumbu.

Kuna namba kwenye mfumo wangu ambayo haiwezi kuzidi kiwango. Niikague ya nini? (Bungoma)

Roketi ya Ariane 5 ililipuka tarehe 4 Juni 1996, haijamaliza dakika moja angani. Sehemu ya programu yake ilitoka Ariane 4, ambako namba moja iliyotokana na kasi ya mlalo haikuweza kuzidi, basi ikageuzwa kutoka biti 64 hadi 16 bila ulinzi. Ariane 5 ilikuwa na kasi zaidi, namba ikafurika. Kompyuta ya akiba ilizimika kwanza, kuu ikafuata, kwa kuwa zote zilibeba programu ile ile.

Ikague. Ikizidi, andika kwenye logi namba yenyewe, saa na oda iliyohusika. "Kuna hitilafu" pekee haitamsaidia atakayepigiwa simu usiku.