Barua kwa mwanangu: umfundishe kuomba

Tukuyu, Rungwe

Binti yangu mpendwa,

Habari za huko, na mjukuu wangu hajambo? Sisi huku ni wazima, mvua haijatuacha. Ujumbe wako niliusoma, nikaona swali lako halifai kujibiwa kwa simu huku mtoto akilia na chungu kikichemka. Umeniuliza kama ni haki kumfundisha mwanao kuomba kila usiku kabla ya kulala, ilhali wewe mwenyewe huna hakika tena kama maombi hubadilisha jambo lolote, kwa kuwa tulimwombea baba yako apone, nyumbani na kanisani, naye hakupona. Ukaongeza kwamba ikiwa Mungu anajua haja zetu kabla hatujafungua kinywa, basi kuomba ni desturi tu.

Jibu langu ni kwamba umfundishe. Mahubiri nimesikia mengi, lakini sababu nitakazokupa nilizipata zaidi katika kuwalea ninyi.

Nianze na hilo la Mungu kujua. Ni kweli, na imeandikwa katika Mathayo sura ya 6, aya ya 8, kwamba Baba yetu anajua tunayohitaji kabla hatujamwomba. Lakini Yesu hakuishia hapo na kuwaambia wanafunzi wakae kimya, kwani aya inayofuata ndipo anapowafundisha kusema "Baba yetu", na ndani ya sala hiyo akaweka ombi la riziki ya leo, jambo ambalo mzazi yeyote amekwisha kulifikiria kabla hakujakucha. Ulipokuwa mdogo, asubuhi za baridi ya Juni, ulikuwa ukiingia jikoni na kukuta ndizi ziko motoni, unaziona kwa macho yako, na bado ulinishika kanga ukasema una njaa. Sikuona kwamba unapoteza maneno. Aliyenitia wasiwasi alikuwa kaka yako, ambaye alikaa na njaa yake kimya uani mpaka nimfuate. Chakula chake kilikuwa tayari sawasawa na chako, na njaa yake niliijua, lakini nilitamani aje mwenyewe aniambie. Tangu hapo sijapata shida kuamini kwamba Mungu anaweza kujua haja yangu yote na bado akataka kuisikia kutoka kwangu.

La pili ndilo zito, nalo ni kuomba na kukosa. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, na mimi sikuwahi kuufuata ushauri huo. Mlililia mengi ambayo sikuwapa, na leo hamna kinyongo. Wapo watakaokuambia kwamba habari ya baba yako ni hiyohiyo, kwamba tuliomba kitu ambacho kingetudhuru na Mungu kwa hekima yake akakinyima. Usiwakubalie upesi. Kumwombea baba yako apone hakukuwa kulilia wembe. Lilikuwa ombi jema, la watu waliompenda, na sijaambiwa na yeyote, wala mbinguni wala duniani, kwa nini halikutimia.

Kilichonisaidia ni Zaburi ya 131, ambayo ni fupi sana, ina aya tatu tu. Mwimbaji anasema ameituliza nafsi yake "kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake". Nilikuwa nikiipita haraka, nikidhani inamzungumzia mtoto anayenyonya akashiba akasinzia. Sivyo, ni mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa, na aliyewahi kumwachisha mtoto anajua kwamba utulivu wa namna hiyo hauji bila vita. Wewe ulikuwa umetimiza miaka miwili, kama wauguzi wa kliniki walivyotushauri, na bibi yako akaleta shubiri nikajipaka. Ulipoonja uchungu ule ulinitazama kana kwamba nimebadilika kuwa mtu mwingine. Ulilia usiku, ukakataa kupakatwa na mimi, ukahamia kitandani kwa bibi, na kwa siku kadhaa ukawa unapita mbele yangu bila kunitazama. Sikukusogelea kwa nguvu. Kisha jioni moja ulikuja mwenyewe, ukapanda mapajani, ukalaza kichwa kifuani palepale, na hukutafuta ziwa. Ulikuwa umenijia mimi. Mtoto anayenyonya hawezi kutenganisha mama na maziwa. Wewe jioni ile uliweza, na ukachagua kubaki.

Baada ya mazishi ya baba yako nilikuwa katika zile siku za kupita bila kutazama. Zaburi pekee niliyoweza kuisoma ni ya 13, ile inayoanza kwa kumuuliza Bwana atatusahau hata lini, na nakushukuru kwamba hukunilazimisha kusoma nyingine. Sasa naamka kabla ya jogoo, nakaa kitini, na siku nyingi siombi kitu. Nimo tu pale pamoja na Mungu. Sijui kuieleza zaidi ya hapo.

Najua mfano huu haufiki mwisho. Mimi niliyekuachisha nilikuwa na sababu ambayo ningeweza kukueleza ulipokua, na nimekwisha kukueleza. Ile ya baba yako bado sijaelezwa. Tena Isaya, katika sura ya 49, anakiri kwamba hata mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, ila Mungu hatasahau. Kwa hiyo usimpime Mungu kwa kipimo changu.

Kuhusu kukosa hakika, hilo lisikuzuie. Kanisa letu la Moravian, ambalo wamisionari wake walifika hapa Rungwe mwaka 1891, limetokana na watu wa Herrnhut kule Ujerumani ambao mwaka 1727 waligawana saa za usiku na mchana wakaomba kwa zamu, na zamu hizo zikaendelea kwa takriban miaka 100. Naamini hawakukosekana miongoni mwao waliofika kwenye zamu wakiwa wakavu kabisa. Wewe shika mikono ya mwanao usiku, mimi niko zamu huku.

Ila mfundishe vizuri. Usimwambie kwamba akiomba kwa imani atapata kila kitu, wala usimtishe kwa jina la Mungu anapokataa kuoga. Mfundishe Baba Yetu, halafu umwache aongeze ya kwake, hata kama ni baiskeli kila usiku kwa mwaka mzima. Na akimwomba Mungu amrudishe babu, kama ulivyoniandikia kwamba hufanya, usimkatize wala usimsahihishe. Mwache amalize, useme Amina pamoja naye. Akikuuliza babu atarudi lini, mwambie wazi kwamba babu amekufa, hatarudi nyumbani, na kwamba wewe pia uliomba hivyohivyo na ulilia. Usimwambie kwamba Mungu alimhitaji babu, kwa maana ataanza kuogopa nani atahitajiwa baadaye. Akizidi kuuliza, nipigie, hata kama ni usiku, niongee naye mwenyewe.

Mama yako