Tai hasimamii ushujaa

Swali: Ninaandika maelezo ya nembo za vikosi vya jeshi. Je, ni sahihi kusema "rangi nyekundu inasimamia damu na tai anasimamia ushujaa"? Tena, niseme nembo au beji?

Jibu: La pili ni jepesi. Nembo ni mchoro wenyewe. Beji ni kile kinachobeba mchoro huo, kiwe chuma cha kofiani au kitambaa cha begani. Zamani nembo zilikuwa chale za mapambo mwilini, kwa hiyo neno hilo linamfaa sana askari anayevaa alama ya kwao.

La kwanza limeniudhi kwa miaka mingi. Kusimamia ni kazi ya mwenye dhamana: fundi mkuu husimamia ujenzi, mwalimu husimamia mtihani, na hata anayemsimamia bibi harusi ni mtu aliyebeba jukumu. Tai wa uzi hana dhamana yoyote. Matumizi hayo yameokotwa kutoka Kiingereza (stand for) bila kupimwa, na katika maandishi ya jeshi, ambako meja husimamia watu kweli kweli, yanavuruga maana.

Kibaya zaidi, yanafuta tofauti ambazo mchoraji alizikusudia. Mtazame tai wa Divisheni ya 101, kikosi kikubwa cha jeshi la Marekani, mwenye kichwa cheupe juu ya ngao nyeusi. Nembo nzima inawakilisha divisheni. Tai mwenyewe anatukumbusha Old Abe, tai hai aliyebebwa vitani na Rejimenti ya 8 ya Wisconsin katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Na mdomo wake uliofunguka kwa ukelele unaweza kusomwa kuwa unaashiria ukali wa mapigano. Anayeandika kwamba tai "anasimamia ushujaa" amemficha msomaji yote hayo kwa neno moja la uvivu. Herufi mbili za A za Divisheni ya 82, iliyoundwa mwaka 1917 kwa askari wa kutoka majimbo yote, haziashirii kitu: ni ufupisho wa jina lake la utani, All American, yaani Wamarekani wa kila pembe.

Maana ya ishara nayo hubadilika. Divisheni ya 45 ilivaa swastika, msalaba wenye ncha zilizopinda, iliyokuwa ikiashiria bahati njema kwa wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani, mpaka Wanazi walipoichafua. Mwaka 1939 mahali pake pakachukuliwa na ndege wa radi, ndege wa hadithi za wenyeji hao, juu ya mraba mwekundu ambao kila upande wake unawakilisha jimbo moja walikotoka askari wake.

Andika basi: nyekundu inaashiria damu, tai ni ishara ya ushujaa, na beji inawakilisha kikosi. Kusimamia mwachie kamanda.