Hajanywa si hakunywa

Mama yetu alipougua, mimi na mdogo wangu tulipokezana kumuuguza nyumbani: mimi asubuhi, yeye kuanzia alasiri. Siku moja ilinibidi niondoke kabla hajafika, na mama alikuwa bado amelala. Nikamwachia kikaratasi mezani: “Dawa ya maumivu ya saa nane hakunywa.” Mdogo wangu akaelewa kilichoandikwa: saa yake imepita, dozi imeruka, tusubiri ya usiku. Mimi nilitaka mama apewe mara tu atakapoamka. Nilipaswa kuandika “hajanywa”. Kwa silabi moja, mama akashinda na maumivu mpaka usiku.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na hali timilifu, yaani ile ya -me-, nimeifundisha kwa miaka 14. Kwa hiyo jambo lile liliniuma sana, na tangu hapo nimebadili namna ya kulieleza somo hili.

Wengi tulifundishwa kwamba -me- ni ya kitendo kilichokamilika. Ni kweli, lakini haitoshi, kwa sababu hata “nilikula” ni kitendo kilichokamilika. Jiulize kitendo kimebakiza nini. Ukisema “nimefunga mlango”, ninayekusikia naamini kwamba nikiusukuma sasa hivi hautafunguka. Ukisema “nilifunga mlango”, unanisimulia ulichofanya tu. Huenda mtu mwingine alikuja nyuma yako akaufungua.

Katika kukanusha ndiko makosa yanakozaliwa. -li- hukanushwa kwa -ku-, na -me- kwa -ja-. Ukiandika “hakufika”, umefunga jambo: muda wake ulipita bila yeye kutokea. Ukiandika “hajafika”, bado tunamtazamia. Mwambie binti wa miaka 30 kwamba “hakuolewa” uone uso wake utakavyobadilika, maana umemfungia mlango ambao yeye hajaufunga. Ndiyo sababu “kabla” huandamana na -ja-: kabla hajaondoka, kabla mvua haijanyesha. Angalia pia vitenzi vya silabi moja. “Amekunywa” ikikanushwa, ku- inadondoka: hajanywa, hajala, hajaja. Mitaani utasikia sana “hajakula”, lakini kwenye insha na mtihani andika “hajala”.

Kuna kundi la vitenzi ambalo huwasumbua hasa watoto wetu wanaokulia ughaibuni. Mtoto wa ndugu yangu, anayeishi Uingereza, aliulizwa na bibi yake kwenye simu baba yuko wapi. Akajibu, “Baba analala.” Bibi akasema, “Basi mpe simu upesi kabla hajapitiwa na usingizi!” Kumbe baba alikuwa anakoroma zamani. Mtoto alipaswa kusema “amelala”. Kwetu mtu aliyekwisha kuingia katika hali fulani tunamtaja kwa -me-: amelala, amekaa, amesimama, amevaa kanzu, amechoka, amenuna. “Anavaa kanzu” maana yake bado anaingiza mikono, au ni mtu mwenye desturi ya kuvaa kanzu. Embe nalo “linaiva” likiwa mtini, na “limeiva” ndipo unalila. Ukiwa na mtoto wa namna hiyo, usimpe jedwali la viambishi. Mwonyeshe watu na vitu vilivyo mbele yake, akutajie viko katika hali gani. Wangu alishika ndani ya wiki.

Lipo jingine ambalo mimi mwenyewe nililikosea kwa miaka. Nilikuwa nikiwakatia wanafunzi alama kila walipoandika -me- pamoja na neno “jana”. Kanuni hiyo ni ya Kiingereza, nami niliihamishia kwetu bila kufikiri. “Wageni wamefika jana” ni Kiswahili safi: wageni bado wapo, na leo wanahitaji chai. “Wageni walifika jana” haikuambii kama bado wapo au wameshaondoka. Nawaomba walimu wenzangu tuiache kalamu nyekundu hapo, kwanza tuulize mwanafunzi alikusudia nini.

Kwenye kirejeshi, yaani kitenzi kinapomrejelea mtu au kitu kilichotajwa, -me- haikubali kubeba -ye- wala -o-. Hatusemi “ameyelala”. Tunasema “aliyelala”, hata kama usingizi wenyewe ni wa sasa hivi, au tunatumia “ambaye amelala”. Hili likariri tu.

Mama alifariki mwaka uliofuata. Kuandika wasifu wa marehemu kuliniangukia mimi, lakini rasimu ya kwanza aliiandika mdogo wangu. Alizaliwa, alisoma, aliolewa, alilima, aliimba kwaya. -Li- kila mstari, na ndivyo inavyotakiwa. Mstari wa mwisho ulisomeka, “Aliacha watoto wawili na wajukuu watano.” Nikalikata neno la kwanza, juu yake nikaandika “Ameacha”. Mdogo wangu akaniuliza kwa nini hapo tu nimebadilisha. Nikamwonyesha watoto waliokuwa wamekaa mkekani mbele yetu, nikamwambia, “Kwa sababu bado tupo.”