Je, kuna kidonge cha kutufikisha Ras Dejen kwa siku tatu?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Historia hapa Kisumu. Likizo ya Desemba mimi na mke wangu tuna siku tisa za kuzuru Ethiopia. Tumeorodhesha makanisa ya mwamba ya Lalibela, makasri ya Gondar na kilele cha Ras Dejen katika milima ya Simien, na tungependa kuanza na mlima tukiwa bado na nguvu. Mimi ni mzaliwa wa Molo, kwa hiyo baridi ya milimani nimeizoea, ijapokuwa nimeishi hapa miaka kumi na miwili. Mfanyabiashara mmoja ametuuzia “vidonge vya mlima” pamoja na unga wa mitishamba ambao anasema unatibu pia vidonda vya tumbo. Tuvitumie vipi, na ni mahali gani tusipopaswa kupakosa?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Mahali mlipochagua ni pazuri kote, lakini mmepapanga kinyume, na vidonge hivyo msivimeze.

Nianze na Molo, kwa sababu hoja hiyo huisikia mara kwa mara kutoka kwa watu wa Molo, Timboroa na Nyahururu. Wengi huchanganya baridi na uhaba wa hewa. Sweta huzuia baridi, lakini haiongezi oksijeni. Ni kweli kwamba mwili uliokulia kwenye karibu mita 2,500 hujizoeza kuishi huko, lakini mazoea hayo hupungua katika wiki chache tu baada ya mtu kuhamia chini, nawe umekaa kando ya ziwa, kwenye mita 1,100 na ushei, kwa miaka kumi na miwili. Mbele ya mlima wewe ni mtu wa Kisumu. Wala nguvu za ujana si kinga, kwa maana mwenye mapafu ya mkimbiaji huwatangulia wenzake na kufika juu kabla mwili haujawa tayari.

Ugonjwa wa mwinuko, yaani ule unaompata mtu mwili unapokosa oksijeni ya kutosha milimani, huletwa na kasi ya kupanda. Kwenye kilele cha Ras Dejen, mita 4,500 na ushei, mgandamizo wa hewa umepungua kiasi kwamba kila pumzi huleta oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile unayoipata Mombasa. Mwili hujibu kwa kupumua kwa haraka zaidi, kisha figo husawazisha kemikali za damu, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Ndiyo maana kanuni yetu husema kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne ulale usiku wa ziada palepale. Kinacholindwa hapa ni usingizi. Mchana unaweza kutembea juu zaidi, mradi jioni urudi chini.

Bahati yenu ni kwamba historia ya nchi hiyo imejipanga kama ngazi. Addis Ababa iko kwenye mita 2,350 hivi, na Lalibela karibu 2,500. Huko Lalibela makanisa kumi na moja yalichongwa ndani ya mwamba kuanzia juu kwenda chini, hata mgeni anayekaribia Bete Giyorgis husimama ukingoni na kuliona paa lenye umbo la msalaba likiwa karibu usawa wa nyayo zake, kabla ya kushuka kwa njia iliyochimbwa mwambani hadi mlangoni. Siku mbili za kushuka na kupanda namna hiyo ni zoezi tosha. Kisha nendeni Gondar, kwenye mita 2,100 hivi, mji ambao Mfalme Fasilides aliufanya makao yake makuu katika miaka ya 1630. Kutoka hapo ni kilomita mia moja hivi hadi Debark (2,850), halafu kambi za Sankaber (3,250) na Geech (3,600), ambako mtakutana na nyani wa gelada wakichuma nyasi kwa vidole, kundi zima, bila kuwajali. Usiku mmoja Addis, miwili Lalibela, mmoja mmoja Gondar, Debark, Sankaber na Geech, na mmoja wa kurudi: siku zenu tisa zimekwisha. Ras Dejen haumo. Genge la Imet Gogo, mwendo wa mchana kutoka Geech, liko kwenye mita 3,900 na ushei, na mandhari yake haidai kidonge chochote.

Jambo moja lililo nje ya fani yangu siwezi kulinyamazia: Lalibela, Gondar na Simien zote ziko katika mkoa wa Amhara, ambako kumekuwa na mapigano tangu 2023. Ulizieni hali ya usalama ubalozini kabla ya kulipa hata shilingi.

Sasa vidonge. Mgonjwa mmoja aliwahi kunifungulia mezani kikaratasi cha khaki chenye vidonge vya aina tatu visivyo na jina. Kimojawapo tulikitambua kuwa deksamethasoni, dawa ya maana sana mikononi mwa daktari, ambayo hutuliza dalili za mwinuko bila kuusaidia mwili kuzoea. Mtu hujiona mzima, huendelea kupanda, na dawa inapomwishia njiani ugonjwa humrudia akiwa juu zaidi. Dawa ya kinga tunayoiandika ni asetazolamaidi, kwa kawaida miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Vidole vitawasha kama vimekufa ganzi, soda itakosa ladha, na choo kidogo kitakuamsha usiku. Mwenye mzio wa dawa za salfa aseme mapema. Hata hiyo huharakisha mazoea tu, haifuti kanuni ya mita 500. Kuhusu unga, anayetibu mlima na vidonda vya tumbo kwa kijiko kilekile ameshajieleza mwenyewe.

Kwa watu wa huku kwetu kuna mtego mwingine. Kuumwa kichwa, kichefuchefu na uchovu ni dalili za mwinuko, na pia ni dalili za malaria, ambayo mbu wa Kisumu anaweza kukuambukiza leo ikajitokeza wiki moja au mbili baadaye, ukiwa Geech. Wako wanaomeza dawa ya malaria kwa kubahatisha na kuendelea kupanda. Dalili zikianza juu, chukulieni kwamba ni mwinuko na msipande tena, zikizidi, shukeni, kukiwa na homa, shukeni mkapimwe malaria. Mtu akishindwa kutembea kwenye mstari kisigino kikigusa vidole, au akitweta hali ameketi, ashushwe usiku huohuo bila kungoja kupambazuke.

Pimeni pia seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa kuwa Nyanza na Magharibi ndiko tunakoiona zaidi. Mwenye ugonjwa wenyewe asiende mwinuko huo bila idhini ya daktari wake. Aliyerithi jeni moja tu ya ugonjwa huo kwa kawaida hapati shida, lakini wachache huumia wengu, na maumivu makali chini ya mbavu za kushoto ni ishara ya kushuka mara moja.

Kinachonikera zaidi siku hizi ni watayarishaji wa safari wanaouza “kilele kwa siku tatu” na kutoa vidonge kama zawadi juu ya nauli. Barabara ya gari inafika hadi Chennek, kambi nyingine iliyo juu ya mita 3,600, kwa hiyo dereva anaweza kuwatoa Gondar asubuhi akawalaza huko jioni ileile, mita 1,500 juu ya kitanda cha jana, na kuiita huduma nzuri. Akiwauliza kwa nini mnang'ang'ania kulala Debark wakati gari lina mafuta ya kutosha, mwambieni kwamba usiku huo wa Debark ndio mnaomlipia.