Kujitoa kwa Mungu na risiti ya Kariakoo

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: "Mkristo mwenye kazi, watoto na marejesho ya mkopo hapa Dar es Salaam anaweza kweli kujitoa kwa Mungu kwa moyo wote, au hilo ni la wachungaji, mapadre na masista?"

Anaweza. Tena vitu vya kumtolea Mungu anavyo mkononi kuanzia anapofungua mlango wa biashara asubuhi. Mimi nauza vitenge Kariakoo, kwa hiyo nitasema ya Kariakoo.

Hapa mjini ukitaja kujitoa kwa Bwana, watu wanaanza kuhesabu ratiba: maombi ya alfajiri tunayoyaita morning glory, mkesha Ijumaa, kwaya Jumamosi, semina jioni. Sina ugomvi na ratiba, hata mimi alfajiri nimo. Ugomvi wangu ni na mahubiri yanayosema moyo ukiwa wote wa Mungu utaacha kazi, utapanda mtaji wako kama mbegu, na ya kesho yatajipa. Namfahamu dada aliyepeleka mtaji wote wa saluni kwa ahadi ya namna hiyo. Leo anasukia watu barazani kwake, na aliyeipokea ile "mbegu" hapokei tena simu zake. Huyo dada hakukosa moyo, jamani. Alielekezwa amtolee mtu, akaambiwa ni Mungu.

Somo la swali lenu mimi nalipata kwa Luka. Sura ya 3, watoza ushuru na askari wanamfuata Yohana Mbatizaji wakiuliza wafanye nini. Kama kuna kazi mbili ambazo ungetegemea awaambie wazikimbie, ni hizo. Hakuwaambia. Watoza ushuru wasitoze kupita walichoamriwa, askari wasimdhulumu mtu wala kumshitaki kwa uongo, na watosheke na mshahara wao. Kesho yake kazini kama kawaida. Lakini sura ya 5, Lawi, mtoza ushuru vilevile, anaitwa na Yesu na anaacha vyote, anaondoka. Halafu sura ya 19 yuko Zakayo, mkubwa wao, anayetoa nusu ya mali yake kwa maskini na kuahidi kumrudishia mara nne kila aliyemnyang'anya. Yesu anasema wokovu umefika nyumbani humo, na ile nusu iliyobaki haulizii. Watu wa idara moja hao (wateja wangu wa TRA, mamlaka ya mapato, mnisamehe), na kila mmoja ana lake. Kwa hiyo anayekuja na kipimo kimoja cha kujitoa kwa watu wote, mimi namwogopa.

Na yule aliyeanguka akafa, Anania wa Matendo sura ya 5, alikuwa ametoa fedha. Petro alimwambia waziwazi kwamba kiwanja kilikuwa chake, na hata baada ya kukiuza fedha ilikuwa katika uwezo wake. Alileta sehemu, akataka ihesabiwe kuwa ndiyo yote. Mistari michache kabla yake ametajwa Barnaba, aliyeuza shamba na kuweka fedha yote miguuni pa mitume. Nadhani Anania alilitamani jina la Barnaba kwa bei ya chini.

Sasa nije dukani. Mteja wa jumla katoka Lubumbashi, Kongo, kachagua mzigo wa milioni mbili na laki nne, vijana wameshaanza kufunga robota. Ananiegemea kaunta: "Mama, kwenye risiti niandikie laki nane." Akifika mpakani alipe kidogo, na mimi huku VAT ya asilimia 18 inipungukie. Tunapata wote wawili, hakuna anayelia, na duka la jirani wataiandika hiyo laki nane bila kuulizwa mara mbili. Hapo ndipo swali lenu linaponikuta, mashine ya risiti za kodi, EFD, ikiwa mbele yangu. Jumapili nimeimba kwamba yote ni yake. Hiyo milioni moja na laki sita isiyoandikwa ni ya nani?

Naandika bei ya kweli. Wengine wananuna, wanalipa. Wengine wanafungua robota, wanatoa vitenge kimoja kimoja wanarudisha kwenye rafu, wanakwenda kwa jirani. Mahubiri ya mjini yangetaka niwaambie kwamba Mungu alinirudishia mara mia. Hajanirudishia. Kuna wateja nimewakosa moja kwa moja, na kodi ya fremu haijui kama umeokoka. Ninachoweza kusema ni kwamba Baba Yetu naisali yote, pamoja na "mapenzi yako yatimizwe," bila kuuruka mstari.

Bibi yangu, mlokole wa Bukoba, asingeona ajabu yoyote hapo. Uamsho ule uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuvuka hadi Buhaya uliwafanya watu watubu hadharani na kurudisha vitu vya watu. Bibi alisimulia watu waliopiga hodi jioni wakiwa wamebeba jembe la jirani. Ushuhuda wenyewe ulikuwa lile jembe. Siku hizi tunashuhudia magari.

Kuna jambo jingine, nalo linauma zaidi ya risiti. Katika Marko sura ya 7 Yesu anawakemea waliotangaza mali kuwa korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasimsaidie baba wala mama. Bahasha za ahadi ya ujenzi tunazimaliza kwa wakati maana majina yanasomwa. Mama kijijini, ambaye jina lake halisomwi popote, anaambiwa dawa za presha zisubiri mwisho wa mwezi. Atakayeniambia huko ni kujitoa kwa moyo wote, aisome hiyo sura kwanza.

Nakubali wapo wanaoitwa kama Lawi, waache vyote kweli. Sista anayehudumia wagonjwa maisha yake yote namheshimu kuliko ninavyoweza kueleza. Ila wengi wetu hatujaitwa huko, na tusijifiche nyuma ya wito wa wenzetu tukidhani sisi tumesamehewa.

Kinachotusaidia huku Kimara ni jumuiya. Zamani tulikuwa tukisoma neno, tunaomba, tunakusanya sadaka, kila mtu anawahi kwake. Sasa mtu anaruhusiwa kuleta jambo la kazini kwake, analieleza kama lilivyo. Karibuni fundi gereji alileta lake: mteja hana fedha ya spea mpya, bosi anamwambia afunge ya kuukuu na aandike mpya. Wazee walianza kumpa mistari. Aliyemsaidia ni kijana wa bodaboda: mpigie mteja mwenyewe, mtajie bei ya mpya na ya kuukuu, achague, na bosi akikasirika uje utuambie, tutafute gereji nyingine pamoja. Bosi alikasirika. Tunatafuta.

Mama wa vitenge,
Kimara, Dar es Salaam