Kwa mnaoanza kufuga kobe: habari ya Shanga

Jumapili vijana wawili wa hapa Makorora, Tanga, waliniletea kobe ndani ya ndoo. "Shikamoo mjomba." Marahaba. Nikachungulia. Maji yamemfika shingoni, kichwa amekinyoosha juu mpaka mwisho, miguu inatapatapa kutafuta pa kukanyaga. Nilimtoa kabla sijauliza jina lake.

"Tulidhani anapenda maji, mjomba. Si ndugu yake kasa?"

Wanangu, kasa ana makasia. Kobe ana miguu ya tembo na mgongoni amebeba nyumba. Ukimtia kwenye kina anaweza kuzama. Swali hilo nimelijibu mara nyingi mno na bado kila msimu anakuja mtu na ndoo. Basi leo naandika, mwenye kusoma asome.

1. Maji. Mloweke kwenye sinia pana, maji vuguvugu yaishie kidevuni akiwa amesimama, robo saa, mara mbili au tatu kwa wiki. Atakunywa, atakojoa, atatoa na ule uji mweupe. Uji ukiwa mgumu kama chembe za chokaa, jua hanywi maji ya kutosha.

2. Kamba. Msimtoboe gamba! Mwezi uliopita nimeona mmoja ametobolewa ukingo wa nyuma kwa msumari wa moto, kamba imepita, amefungwa kwenye mpapai kama mbuzi. Gamba si kifuniko alichovaa. Mbavu zake na uti wa mgongo vimeungana nalo, ni mfupa ulio hai, na unauma. Rangi za kupaka nazo msiniletee. Ukitaka asitoroke, jenga ukuta mfupi wa matofali, msingi uzame kidogo ardhini maana wengine huchimba. Wavu haufai, kwa kuwa akiona ng'ambo atasukuma kutwa nzima mpaka pua ichubuke.

3. Chakula na jua. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ya Shanga.

Shanga aliletwa na mjomba wangu, aliyemwokota shambani kwenye mkonge wakati wa kufyeka. Alikuwa kobe wa madoadoa, mdogo wa kutosha kulala kwenye kiganja, na michoro ya gamba lake ilikuwa kama shanga za mkononi. Nilimpenda siku ileile. Nikaogopa paka, nikaogopa kunguru, nikaogopa wezi. Nikamtengenezea kreti la soda, nikaliweka stoo, mahali penye giza na ubaridi mzuri, nikajiona mlezi hodari. Nikamlisha ninachokula mimi: wali, mkate uliochovywa kwenye maziwa, ndizi mbivu. Ndizi aliipenda kupita kiasi. Akinisikia mlangoni alitoa kichwa, na ule mdomo wake mgumu usio na meno ulikata kipande hadi ukaacha alama ya mwezi mchanga.

Akakua upesi. Wageni wakamsifu, nami nikafurahi. Kumbe kukua upesi namna ile ndiyo dalili ya kwanza. Kisha vipande vya gamba vikaanza kuinuka, kila kimoja kikawa kichuguu chake. Nikadhani ndivyo wanavyokomaa. Baada ya miezi kama minane akaacha kutembea akiwa ameinua tumbo, akawa anajiburuta. Nikadhani ameshiba.

Siku moja nikimsafisha nilimbonyeza gamba kwa kidole gumba. Likaingia. Likabonyea kama ganda la chungwa, nilipotoa kidole likarudi taratibu. Mpaka leo kidole hiki kinakumbuka.

Nilikimbilia kwa daktari wa mifugo. Akaniambia wazi kwamba yeye ni wa ng'ombe na kuku, lakini aliuliza swali moja tu: "Huwa anaota jua?" Nikanyamaza. Akanieleza polepole. Bila jua la moja kwa moja mwili wa kobe hautengenezi vitamini D, na bila vitamini D kalsiamu haiingii mwilini hata ukimlisha chokaa nzima. Wali, mkate na ndizi vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Kwa hiyo damu ilipohitaji kalsiamu, iliichukua kwenye mifupa, na gamba lake lilikuwa mfupa. Shanga alikuwa anajila mwenyewe miezi yote ile, huku mimi nikimmenyea ndizi.

Nilimtoa juani kuanzia siku hiyo, nikampa dawa niliyoandikiwa, nikamsagia mfupa wa ngisi. Nilikuwa nimechelewa. Taya lilikuwa limelegea, hawezi tena kukata jani. Alikaa siku kumi na moja. Asubuhi ya kumi na mbili nilimkuta kichwa kiko nje, kimelala chini, na aliponiona hakukirudisha ndani. Alikufa kabla ya adhuhuri. Nilimzika chini ya mwembe nyuma ya nyumba, na kwa mwaka mzima sikutaka kuona kobe.

Ndiyo maana nawakaripia. Kobe hapigi kelele, hachechemei kama mbuzi, hatapiki kama paka. Kosa la leo atakuonyesha mwakani, siku ambayo huna tena la kufanya.

Sasa shikeni hili: kwa kobe wetu wa madoadoa, chakula ni nyasi. Ukoka, nyasi za kando ya njia zisizopigwa dawa, mchunga, dungusi lililokwanguliwa miiba. Matunda ni tamu ya sikukuu. Nyama, wali, mkate na maziwa, hapana kabisa. Mfupa wa ngisi mnauokota bure ufukweni Raskazone. Uoshe chumvi, uanike, mtupie bandani autafune mwenyewe. Jua awe nalo kila siku pamoja na kivuli cha kukimbilia, na jua la kupitia kioo cha dirisha halihesabiki, kwa sababu kioo huzuia ile miale anayoihitaji.

Kuna aliyenijibu, "Mbona kule Changuu, Zanzibar, kobe wanalishwa mchicha na wako hai?" Wale ni kobe wakubwa wa Ushelisheli, waliletwa kama zawadi mwaka 1919, ni jamii nyingine, na majani wanayopewa na wageni siyo chakula chao chote. Mchicha una asidi inayoikamata kalsiamu. Mara mojamoja sawa, kila siku unamfikisha kwenye hali ya Shanga.

4. Akipinduka chali, mgeuze upesi na kwa utulivu. Mapafu yake yako juu, chini ya gamba la mgongo, hivyo akilala chali matumbo yote yanayakandamiza. Katika jua la saa saba anaweza kufa hapohapo. Kagua banda: jiwe dogo lisilo na maana kwako kwake ni mlima.

5. Masika na kipupwe. Sakafu iwe kavu, apate kibanda chenye nyasi kavu. Mapovu puani au kupumua kwa mdomo wazi usiyangojee yapite, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.

6. Nawa mikono kwa sabuni kila ukimshika, watoto hasa. Kobe mwenye afya njema anaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha watu.

7. Kibali. Hapa wengi hushusha macho, na mimi pia nilishusha. Kobe wa porini ni mnyamapori. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali, na Shanga hakuwa nacho. Nendeni ofisi ya wanyamapori kabla ya kujenga banda. Kobe ukimkuta anavuka barabara ya Pongwe, mvushe upande uleule alioelekea, umshike chini karibu na ardhi, umwache. Ukimnyanyua ghafla atakukojolea, na yale ni maji yake ya akiba ya kiangazi unayamwaga.

Huyu wa ndoo, tulipomweka kwenye ukoka nyuma ya nyumba alikaa muda mrefu amejificha. Vijana wakachuchumaa, wakaacha kuongea. Kikatoka kichwa, ukatoka mguu mmoja, kisha akainua tumbo lote kutoka ardhini na kuondoka kwa miguu minne iliyonyooka, moja kwa moja hadi kwenye ncha ya kanga nyekundu ya mke wangu iliyokuwa kambani, akaing'ata. Gamba nimelibonyeza: gumu. Kesho asubuhi naongozana nao ofisi ya wanyamapori, kobe tutamweka kwenye boksi lenye matundu, na ile ndoo nimeibakiza hapa kwangu.