Baiskeli kumi katika treni moja

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni kundi la marafiki kumi tunaoishi Hamburg, Ujerumani. Likizo hii tunakusudia kwenda Munich kwa treni, kila mtu na baiskeli yake. Je, tunaweza kupanda sote pamoja?

JIBU: Katika treni za mwendo kasi za aina ya ICE 4, nafasi za baiskeli ni 8 tu kwa treni nzima, na kila baiskeli lazima ikatiwe tiketi yake na kuwekewa nafasi kabla ya safari. Kwa hiyo hamtaenea nyote, hata kama viti vya abiria vimebaki vitupu. Nawashauri mgawanyike watano watano katika treni mbili zinazofuatana, tena mkate tiketi mapema, kwani wakati wa kiangazi nafasi hizo hugombewa mno. Mkipata baiskeli mbili za kukunja, tatizo litapungua sana, maana ikishakunjwa huhesabiwa kuwa mzigo wa kawaida na hailipiwi.

Treni za mikoani kwa kawaida hazitaki nafasi iwekwe, ila anayetangulia ndiye anayepata, na mwenye kiti cha magurudumu hupewa kipaumbele, jambo ambalo ni haki kabisa.

Treni ikikaribia, vueni mikoba yote iliyofungwa kwenye baiskeli, kwa sababu baiskeli moja yenye mikoba pande zote mbili huziba mlango na kuwachelewesha wote walio nyuma.